Mti mkubwa umeanguka msituni: tulifyeke pengo au tuliache?

"Mimi na wenzangu tunatunza kipande cha msitu wa asili. Miaka miwili iliyopita upepo uliangusha mti mkubwa sana, nao ukaburuta mingine miwili. Tulifurahi, tukijua jua limefika chini na miche ya miti ya mbao tuliyokuwa tukiiona kivulini sasa itapanda haraka. Badala yake mingi iligeuka manjano na majani yakaungua ndani ya wiki chache. Leo pale pamejaa vichaka, mimea ya kukwea, na miti laini ya majani mapana ambayo imeshanipita kimo. Wenzangu wanataka tufyeke kila kitu tupande upya, na tukate miti mitatu ya pembeni ili mwanga uongezeke. Mimi nasita. Je, mwanga ulizidi au ulipungua? Na sasa tufanye nini?"

Umefanya vizuri kusita. Waombe wenzako wayaweke mapanga chini walau mpaka mmalize kusoma hapa.

Swali lako lina mawili ndani yake: la mwanga na la kazi. La mwanga nalijibu mara moja: vyote viwili vimetokea, kwa zamu. Wiki za kwanza mwanga ulizidi uwezo wa ile miche. Leo, baada ya miaka miwili, ukipiga magoti chini ya hicho kichaka huenda ukakuta giza linalokaribia lile la zamani. Pengo unaloliona wewe ukiinua macho si lazima liwe pengo kwa mche wenye urefu wa shibiri moja. Watu wengi huamua la kufanya wakiwa wamesimama, na kumbe mambo yote yako chini ya magoti.

Tuanze na giza lenyewe. Katika msitu wa tropiki uliofunga paa, mwanga unaofika sakafuni ni asilimia 1 hadi 2 tu ya ule unaopiga vilele vya miti. Vipimo vilivyofanywa La Selva, nchini Costa Rica, miaka ya 1980, vilionyesha kiwango hicho chini ya miti, kisha takriban asilimia 9 kwenye pengo la mita za mraba 200, na kati ya asilimia 20 na 35 kwenye pengo la mita za mraba 400. Tazama hesabu hiyo vizuri: eneo limeongezeka maradufu, lakini mwanga umepanda mara mbili hadi karibu mara nne. Mwanga hauongezeki sambamba na eneo, na ndiyo maana kauli kama "tukate mitatu tu ya pembeni" hubadilisha mambo kuliko inavyosikika.

Hicho kidogo cha kivulini nacho hakiji kwa utulivu. Sehemu kubwa yake huja kama madoa ya jua yanayopenya kati ya majani, yakakaa sekunde chache au dakika kadhaa, yakahama. Mche wa kivulini umeumbwa kuishi kwa madoa hayo. Majani yake ni membamba na mapana, yamepangwa yasizibane, na mitambo yake ya kutengeneza chakula ni midogo kwa sababu mikubwa ingekula zaidi ya inachozalisha. Kuna miche inayokaa hivyo miaka mingi, ikiongeza jani moja na kupoteza jingine, bila kuongezeka kimo kwa kiasi cha kuonekana.

Sasa paa likafunguka siku moja. Jani lililozoea asilimia 2 linapigwa na jua la adhuhuri. Nishati inayoingia ni nyingi kuliko linayoweza kuitumia, na ziada hiyo ndiyo inayoharibu klorofili na mitambo ya usanisinuru. Wakati huohuo joto linapanda, hewa inakauka, na maji yanatoka jani haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Ndiyo manjano uliyoyaona, na kule kuungua kwa kingo. Jani lililokomaa kivulini kwa kawaida haligeuki kuwa jani la juani. Mche hulazimika kuliangusha na kutoa jipya, nene na dogo zaidi. Kwa hiyo kupoteza majani si kufa. Ukikuta kijiti kikavu, kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, mche huo bado uko hai.

Lipo jambo la pili ambalo hata wataalamu wachanga hulisahau: pengo ni shimo lenye kuta, na jua huingia shimoni kwa saa chache tu. Chukulia miti inayolizunguka ina urefu wa mita 30 na jua linapita juu ya utosi. Pengo lenye upana wa mita 10 litapata jua la moja kwa moja katikati yake kwa muda wa saa moja na robo hivi. Lenye upana wa mita 20, karibu saa mbili na nusu. La mita 30, saa tatu na nusu. Saa nyingine zote ni mwanga wa anga tu. Tena jua halipiti juu ya utosi mwaka mzima. Hata kwenye ikweta, mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri huinama zaidi ya nyuzi 23, na kwa miti ya mita 30 mwale wake hutua mita 13 pembeni ya mahali ambapo ungetarajia. Maana yake ni kwamba kwenye pengo la mita 20 kuna majira ambapo katikati hapaguswi na jua la mchana, na doa lenye mwanga mwingi liko ndani ya msitu, chini ya miti mnayodhani bado ina kivuli. Miche yako bora huenda imejificha huko. Itafuteni mita kumi na tano nje ya pengo kabla hamjasema hakuna.

Halafu kuna rangi ya mwanga. Majani hula mwanga mwekundu na wa buluu, lakini huachia upite ule mwekundu wa mbali ambao jicho letu haliuoni vizuri. Juani uwiano wa mwekundu kwa mwekundu wa mbali ni kama 1.2, chini ya paa zito unaweza kushuka hadi 0.4 au 0.2. Mbegu za miti tangulizi, yaani ile inayowahi kuota na kukimbia paa likifunguka, zina kemikali iitwayo fitokromu inayosoma uwiano huo. Uwiano ukiwa chini, mbegu hujua kuna majani juu yake, ikaendelea kulala. Ukipanda, huamka. Kwa baadhi ya spishi, kengele ni mabadiliko ya joto la udongo kati ya mchana na usiku, ambayo nayo hutokea paa likifunguka. Kulala kwenyewe si kwa msimu mmoja. Huko Barro Colorado, kisiwa cha utafiti nchini Panama, mbegu zilizochimbuliwa udongoni na kupimwa umri kwa kaboni zilipatikana bado zina uwezo wa kuota: za Trema micrantha zikiwa na miaka 31, na za Croton billbergianus zikiwa na 38. Kwa hiyo ile miti laini ya majani mapana haikuvamia msitu wenu. Huenda mingi ilikuwa imelala chini ya nyayo zenu tangu kabla hamjaanza kuutunza, na mingine ililetwa na ndege na popo. Ukiangalia pale mzizi wa mti ulioanguka ulipong'oka, kwenye shimo na kile kichuguu cha udongo mtupu, nadhani utaikuta imesongamana zaidi ya mahali pengine, maana udongo uliogeuzwa hufukua mbegu zilizozikwa.

Mtafiti Nicholas Brokaw, aliyefanya kazi katika kisiwa hichohicho, mwaka 1982 alipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika: pengo ni tundu linaloshuka kupitia ngazi zote za msitu hadi wastani wa kimo cha mita 2 kutoka ardhini. Kwa kipimo hicho, ikiwa miti hiyo imekupita kimo na imetanda kote, pengo lenu limeshaziba. Nasema hivi nikijua wenzako watashangaa.

Brokaw alifuatilia pia miti tangulizi mitatu ili aone kila mmoja unahitaji nafasi kiasi gani. Miconia ilitosheka na mapengo yanayoanzia kama mita za mraba 100, Cecropia zaidi ya 200, na Trema ilihitaji karibu 375 na kuendelea. Trema ndiyo iliyokimbia kuliko yote, hadi mita 7 kwa mwaka mmoja, na ndiyo iliyokufa mapema. Mti unaojengwa kwa haraka hivyo una mbao laini na majani yanayodai jua kali. Ukitiwa kivuli na jirani, unaanza kufa. Miti mnayotaka kuifyeka, basi, ni wapangaji wa muda. Wakati inaishi, inashusha joto, inapunguza ukali wa jua hadi kiasi ambacho mche wa mti wa mbao unaweza kukitumia, na inaita ndege wanaodondosha mbegu nyingine. Mimi huiita walezi, ingawa najua si kila mlezi ni mpole.

Hapa napenda kugusa imani iliyo chini ya swali lako, kwamba pengo "huleta" miti mizuri. Kwa muda mrefu wataalamu nao waliamini kitu kama hicho: kwamba kila ukubwa wa pengo una spishi zake, na kwamba mapengo ndiyo yanayoeleza kwa nini misitu ya tropiki ina aina nyingi za miti. Mwaka 1999 Stephen Hubbell na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya mapengo 1,200 kwa miaka 13 ndani ya kiwanja cha utafiti cha hekta 50 huko Barro Colorado. Mapengo yalikuwa na miche mingi kuliko kivulini, ndiyo. Lakini ukilinganisha idadi sawa ya miche, hayakuwa na aina nyingi zaidi. Mbegu za spishi nyingi hazikuwa zimefika pale kabisa, kwa hiyo nafasi ilichukuliwa na yeyote aliyekuwepo, hata kama si bora. Kwa maneno mengine, mti uliposhuka, matokeo mengi yalikuwa yameshapangwa na mbegu na miche iliyotangulia. Mwanga uliamua nani akimbie. Haukuamua nani awepo. Ndiyo sababu kufyeka kila kitu ni kosa kubwa kuliko kutofanya lolote: mnaondoa walewale wachache waliokuwepo, miche miwili mitatu ya mti wa mbao iliyonusurika chini ya kichaka, msiyoiona kutoka mlikosimama. Niliwahi kufyeka pengo zima nikiwa kijana, kwa bidii na nia njema. Msimu uliofuata mimea ya kukwea ilichipua kutoka kwenye kila kisiki, na miche sikuipata tena.

Na hao wakwezi ndio ninaowaogopa katika maelezo yako. Mimea ya kukwea haihitaji kujenga shina la kujitegemea, kwa hiyo kila inachokipata inakiweka kwenye majani na urefu. Mti ukianguka nayo juu yake, haifi. Inatoa mizizi pale ilipolala na kuchipua upya. Barro Colorado tena, Stefan Schnitzer na wenzake walionyesha kuwa baadhi ya mapengo hukwama kwa zaidi ya miaka kumi yakiwa zulia la kukwea lenye kimo kidogo, miti ya kivulini ikishindwa kupenya, na kwamba kuiondoa mimea hiyo kunaifanya miti iongezeke na ikue haraka zaidi. Kukwama kwa namna nyingine kunajulikana Kibale, Uganda, katika sehemu zilizovunwa kwa nguvu miaka ya 1960: vichaka vizito vilishika mapengo makubwa, tembo wakavutwa na majani mabichi, na miti michanga iliyojaribu kupenya ikawa inavunjwa. Kumbuka kwamba haya yalitokea mahali ambapo mapengo yalikuwa makubwa na mengi. Pengo dogo mara nyingi hujiponya lenyewe.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kusema hapana kwa ile miti mitatu ya pembeni. Mkiikata, mwanga utakaoongezeka utaliwa kwanza na walio juu, yaani wakwezi na miti tangulizi, na mche wa shibiri moja utapata salio. Ya pili ni kwamba miti ya ukingoni tayari inapokea upepo ambao haikuuzoea, na ukiondoa mitatu, minne inayofuata inakuwa ukingo mpya. Ya tatu, huenda hiyo mitatu ndiyo mama wa mbegu mnazozitaka.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Kuna miti ya mbao ambayo haitainuka kamwe kwenye asilimia 2 ya mwanga. Mahogani ya Amerika, Swietenia macrophylla, ni mmojawapo. Miche yake huota kivulini kisha hudhoofika paa lisipofunguka. Mvule nao ni mpenda jua. Kama miti mnayoitaka ni ya jamii hiyo, kufungua paa kwa mpango ni kazi halali ya misitu. Lakini hata hapo jua tupu lina gharama: mvule ukipandwa peke yake mahali peupe, mdudu aitwaye Phytolyma hutia vinundu kwenye machipukizi na kuyaua, wakati ule uliochanganyika na miti mingine huteseka kidogo. Mwanga wa kutosha juu na kivuli cha pembeni, hicho ndicho miti mingi ya thamani inachokitaka ikiwa midogo.

Sasa kazi. Anzeni kwa kuhesabu. Gaweni pengo, na ukanda wa mita kumi na tano kulizunguka, kwa kamba katika viraba vya mita 2 kwa 2, muingie kwa magoti, mkitafuta miche na miti michanga ya aina mnazozitaka. Mkipata mche, fungeni utepe kwenye kijiti kando yake, si kwenye shina. Msishtuke mkipata michache. Mti mkubwa wa msituni unaweza kuwa na kilele chenye upana wa mita 15, ambacho kinafunika karibu mita za mraba 177. Pengo la mita za mraba 400, basi, mwishowe litachukua miti mikubwa miwili au mitatu tu. Mkipata miche ishirini iliyo hai na imetawanyika, mna akiba nzuri, hata mingi ikifa njiani.

Kisha uhurumieni kila mche wenye utepe, na huo peke yake. Kateni mimea ya kukwea inayoufunga au kuukaribia, karibu na ardhi, na muiache ikaukie palepale. Kuivuta kutoka juu huvunja mche. Kichaka kinachouziba kwa juu kipunguzwe kwa umbali wa mkono mmoja, lakini cha pembeni kiacheni. Fanyeni mwanzoni mwa mvua, siku za mawingu zikiwa nyingi, ili yale ya majani kuungua yasijirudie. Mti tangulizi uliofunga kabisa juu ya mche mnaoupenda unaweza kupunguzwa matawi mawili. Hauna haja ya kuangushwa. Rudini baada ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa wakwezi hawasahau.

Kupanda ni hatua ya mwisho, pale hesabu ikionyesha hakuna mche hata mmoja. Tumieni mbegu kutoka msitu huohuo, na kabla ya kupanda ondoeni kivuli cha kitalu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ili miche itoe majani ya juani ikiwa bado ndani ya mifuko. Msishawishike na mti wa kigeni unaokua haraka. Katika Usambara ya Mashariki, Tanzania, Maesopsis eminii uliingizwa na watu, nao ukatumia mapengo hasa kusambaa ndani ya msitu wa asili, mbegu zake zikibebwa na hondohondo. Kuuondoa baadaye ni kazi ya vizazi.

Kuna hali ambazo maneno ya mbali kama haya hayatoshi. Mwiteni afisa misitu au mwanaikolojia aje mwenyewe ikiwa pengo linaendelea kupanuka kila msimu, ikiwa miti iliyosimama inakauka mmoja baada ya mwingine bila upepo, ikiwa zulia la kukwea limefunika zaidi ya nusu ya eneo na hesabu yenu ni sifuri, au ikiwa kuna mmea msioujua unaojaa kwa kasi. Mwiteni pia kabla ya kukata mti wowote uliosimama, kwa sababu ya vibali na kwa sababu ya usalama. Na kama kati ya ile miti mitatu kuna ulioegemea mwingine au kuning'inia kwa mikwezi, asiukaribie mtu mwenye panga. Miti ya namna hiyo huanguka upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Mkishahesabu, niandikie mmepata miche mingapi, ya aina gani, na mingapi iko nje ya ukingo. Nikiwa na namba hizo nitaweza kukuambia kama kuna mahali pa kufungua tawi moja au mawili.